Maneno Aliyoyatia Mbaruku

Zilikuwa zimebaki dakika saba waingie hewani pale Raphael alipomwita Salwa kwenye kompyuta, na kabla dakika ya kwanza haijaisha Salwa alishajua kwamba leo kuna mtu ataaibishwa ndani ya chumba chake.

Kilikuwa kipande cha filamu ya Kikorea, kama sekunde arobaini hivi. Mama amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu. Kijana yuko nje na begi mgongoni. Juu yao ilikuwa inapita sauti nzito ya kokoto ya Mzee Mbaruku, mtafsiri wa filamu za mabandani aliyejulikana kama Sauti Mbili, kisha ikageuka nyembamba ya mwanamke, kama alivyozoea: "Nenda mwanangu. Ukipata, rudi. Ukikosa, rudi. Mlango huu hauna komeo."

Salwa aliyajua maneno hayo kwa moyo. Kule kijijini kwao Busi, alipokuwa msichana wa miaka kumi na miwili, banda zima la video lilikuwa likiyasema pamoja na Mbaruku, wakubwa kwa wadogo, hata mwenye jenereta nje.

"Sasa sikia bila yeye," Raphael alisema. Akafungua kipande kingine, kilekile, lakini safari hii alikuwa anasema mama mwenyewe, kwa lugha yake. "Unajua anasema nini? 'Toka. Usikanyage hapa mpaka mimi nife.' Basi. Hakuna mlango, hakuna komeo. Nimeipitia filamu nzima, Salwa. Hakupatia hata sentensi moja. Mzee wako alikuwa anatunga."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo leo watu watatusikiliza."

Podikasti yao iliitwa Tuliyoyaona. Walikuwa wameianza baada ya kumaliza chuo, kila Jumamosi saa nne asubuhi, katika chumba cha kupanga cha Salwa huko Nzuguni, Dodoma: mablanketi mawili ukutani kuzuia mwangwi, kipaza sauti kimoja juu ya ndoo iliyopinduliwa, na simu ya Raphael ya kurushia matangazo. Walizungumzia filamu, tamthilia, nani kaachana na nani, nani kaiba biti ya nani. Siku za kawaida walisikilizwa na watu mia moja na arobaini, wengi wao rafiki zao. Salwa hakuona aibu. Aliamini kabisa kwamba ukiongea vizuri juu ya kitu ambacho watu wanakipenda, unawaongezea siku. Ndiyo maana alikwenda Chang'ombe mara tatu kumwomba Mzee Mbaruku aje. Mara zote tatu mzee alikataa, na mara ya tatu binti yake, Stara, alimsindikiza Salwa hadi barabarani akamwambia, "Nitamleta. Ila uniahidi, mdogo wangu. Baba siku hizi haongei na watu. Akirudi nyumbani amejisikia mdogo, hatatoka tena."

Salwa aliahidi.

"Raphael, nakuomba. Usikiweke hewani."

"Nimeshatangaza tangu jana. Nimeandika leo siri ya Sauti Mbili inafichuka. Tazama." Alimgeuzia simu. Hawajafungua hata kinywa, na watu mia sita walikuwa wanangoja.

"Hodi humu!"

Salwa alikwenda kufungua. Mzee Mbaruku alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, kofia ya viua, na saa ya mkononi iliyomlegea. Stara alikuwa nyuma yake na chupa ya chai ya tangawizi, kwa ajili ya koo la baba.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Chumba chenyewe kama tumbo la godoro."

Raphael hakutoa shikamoo. Yeye ni Mgogo wa Haneti, na mzee ni Mnyamwezi wa mjini, ambaye babu wa babu yake alifika Dodoma na misafara akashindwa kuondoka. Hao ni watani, na mtani haanzi kwa heshima.

"Mpagazi!" Raphael alipiga kelele. "Mzigo umeutua wapi leo?"

"Nimekuja mikono mitupu, maana nimeambiwa mtumwa wangu yupo atanibebea," Mbaruku alijibu, na uso wake ukachangamka. "Mgogo wewe, umekunywa chai au bado unatafuna mlenda wa jana?"

Wakacheka wote, hata Stara. Salwa peke yake hakucheka. Alikuwa ameng'amua sasa hivi tu rafiki yake anajificha nyuma ya nini. Mtani akikutukana, hukasiriki. Akilala ndani ya kaburi la baba yako siku ya mazishi akadai hatoki mpaka apewe kitu, hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye mbaya. Raphael angeweza kusema lolote leo, na mzee angelazimika kucheka.

Wakaingia hewani.

Salwa alimshika mzee kwa maswali kama mtu anayeziba mashimo kwa viganja. Alianza lini? Nani alimpa jina la Sauti Mbili? Ni kweli aliwahi kutafsiri filamu akiwa na malaria? Mbaruku alianza kwa sauti ndogo, ya mtu anayejaribu mlango kama umefungwa, kisha koo likafunguka. Alieleza kwamba alipohitaji sauti ya mtoto alikuwa akiinama mpaka kidevu kinagusa goti. Akaigiza jambazi. Akaigiza mke wa jambazi. Stara, aliyekaa pembeni ya kitanda, alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo Salwa hakuwahi kuiona kwake. Wasikilizaji walifika elfu moja na mia tatu, na maoni yakawa yanapanda kwenye simu: *siri iko wapi? fichueni basi.*

"Mtani," Raphael alisema.

"Nimwulize kwanza kuhusu..." Salwa alidakia.

"Mtani wangu, nina zawadi yako hapa." Akabonyeza.

Kwanza sauti ya Mbaruku, mlango usio na komeo. Kisha ya yule mama. Kisha Raphael akatafsiri neno kwa neno, taratibu, akiinamia kipaza sauti. "Nimesoma Kikorea chuoni miaka mitatu, ndugu wasikilizaji, na mtani wangu huyu, mpagazi huyu, kwa miaka yote hiyo alikuwa anatupakia mzigo wa uongo! Au siyo, mtani? Kikorea hukijui hata cha kuombea maji!"

Mbaruku alicheka. Alicheka kwa nguvu, akapiga goti. "Mgogo huyu! Mgogo huyu ataniua!"

Lakini mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kifuniko cha chupa ya chai, na kifuniko kilikuwa kinagonga chupa, tik tik tik, mpaka kipaza sauti kikanasa. Stara hakuwa akimtazama baba yake. Alikuwa akimtazama Salwa.

"Na siyo hiyo tu, ninavyo vipande kumi na moja..."

"Raphael," Salwa alisema. "Unamtania au unamshtaki?"

"Nini?"

"Chagua moja. Kama unamtania, umeshasema, tumecheka, na yeye ana haki ya kuondoka na hiyo kompyuta yako na usimfuate. Ndivyo utani ulivyo. Kama unamshtaki, basi utani uvue. Msalimie kama mkubwa wako, muulize kwa adabu, na yeye awe na ruhusa ya kukasirika. Huwezi kumpiga mtu huku umemfunga mikono."

Nje upepo ulikuwa unavuta mchanga juu ya bati, ukisikika kama mtu anayepepeta nafaka. Raphael alitazama simu, akatazama kompyuta. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Mimi nilikwenda kusoma Kikorea kwa ajili ya maneno yale," alisema hatimaye, na haikuwa tena sauti ya mtangazaji. "Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuniambia nirudi. Nikasema kuna watu mahali fulani duniani wanasemezana hivi. Nikafika darasani, nikaitafuta filamu yenyewe, nikangoja pale mlangoni. Hayapo. Mwaka wa kwanza mzima nilikuwa najiona mjinga."

Akamgeukia Mbaruku.

"Shikamoo, mzee."

Kicheko cha Mbaruku kilikatika kama redio iliyochomolewa. Alikiweka kifuniko chini. Sasa alikuwa na ruhusa, na wote watatu walikuwa wakingoja aitumie.

"Marahaba," alisema. "Ni kweli. Kikorea sikijui. Filamu ilikuwa inaletwa saa mbili asubuhi, saa kumi jioni inatakiwa mabandani. Hakuna maandishi chini, hakuna wa kumuuliza. Mara ya kwanza naitazama bila sauti. Mara ya pili nawasha mashine nasema. Nilikuwa nasoma nyuso. Pengine nilipatia, pengine nilikosea, na watu hawakulalamika, nami nikajinyamazia. Hilo ni kosa langu. Una haki."

"Nashukuru, mzee."

"Ngoja, sijamaliza. Umesema pale mlangoni sikuelewa. Hapo siyo. Pale nilielewa kuliko filamu zote nilizowahi kuzifanya." Alivua kofia akaiweka pajani. "Mtu anayemfukuza mtoto anajulikana hata akiwa Mkorea. Tazama mkono ulivyoshika fremu. Anaogopa akiuachia utamwita arudi. Nilijua kabisa anasema toka."

"Sasa kwa nini?" Raphael aliuliza.

"Kwa sababu asubuhi ya siku ile nilikuwa nimemfukuza Harithi."

Stara alisimama. Harithi alikuwa kaka yake, mtoto wa pekee wa kiume, aliyeondoka akiwa na miaka kumi na tisa na hakusikika tena. Salwa aliwahi kuiona picha yake pale Chang'ombe, juu ya kabati.

"Baba," Stara alisema. "Ulituambia amekwenda kutafuta kazi."

"Nilisema."

"Mama amekufa anaamini amekwenda kutafuta kazi."

"Nilisema hivyo, Stara. Alinijibu vibaya mbele ya watu, na neno lenyewe leo hata silikumbuki. Nikamwambia asikanyage. Nikatoka, nikaenda kazini, nikakaa na mashine yangu, nikamkuta yule mama ananingoja na maneno yaleyale." Akaigeuza kofia pajani. "Sikuweza kuyasema mara mbili kwa siku moja. Basi nikamtilia maneno mengine."

"Zima hicho kitu," Stara alimwambia Raphael. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini uso ulikuwa wa hasira. "Kaka, nimesema zima."

Raphael alinyoosha mkono kwenye simu haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja kuamriwa.

"Acha," Mbaruku alisema. "Hapo kuna watu wangapi?"

"Elfu mbili na mia nane, mzee."

"Wote wa Dodoma?"

"Hapana. Wako Dar, Mwanza, kuna mmoja ameandika yuko Maskati."

Mzee aliitazama simu ile ndogo kana kwamba ni tundu la ukuta na kuna mtu upande wa pili. Kisha akamgeukia Raphael. "Wewe uliyesoma. Yule kijana naye alisema kitu akiwa anaondoka. Nilimfunika na sauti yangu, sikujua nimtilie nini. Alisema nini?"

Raphael alirudisha kipande nyuma. Alikisikiliza mara moja, akakirudisha tena, hedifoni amezibana kwa viganja. Hakuwa amemsikiliza yule kijana hata siku moja. Shida yake ilikuwa kwa mama.

"Anasema, 'Nikifika nitapiga simu.'"

"Akapiga?"

Raphael alimtazama Salwa, na Salwa akaelewa kwamba anaomba ruhusa ya kudanganya. Lilikuwa jambo rahisi. Angesema ndiyo, na mzee angekwenda nyumbani amenyanyuka. Salwa alitikisa kichwa. Iliuma, lakini alitikisa.

"Hapana, mzee. Filamu inaisha hajapiga."

Mbaruku aliitika kwa kichwa, mara kadhaa, polepole.

"Labda hakuwa na namba," alisema. "Mimi yangu niliibadilisha mwaka uleule. Nilikuwa na hasira." Akakivuta kipaza sauti karibu, ndoo ikakwaruza sakafu. "Mwanangu Salwa, hapa kwenu inaruhusiwa mtu kutaja namba yake?"

"Inaruhusiwa, mzee."

Akaitaja. Hakutumia sauti ya kokoto, wala ile nyembamba. Alitumia sauti ya mzee wa miaka sitini na saba ambaye koo limemkauka, tarakimu moja moja, na kabla ya kila tarakimu alikuwa akisita. Raphael alikuwa anaiandika kwenye maoni.

"Nne," Stara alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameshavaa viatu. "Ya mwisho ni nne, baba. Siyo tisa."

"Nne," Mbaruku alirudia.

Stara alisimama pale, mkono kwenye kitasa, akipumua kama aliyepanda kilima. Kisha akavua viatu, akarudi kukaa pembeni ya kitanda, mbali kidogo na baba yake.

"Itaje upya yote," alisema. "Taratibu. Wapo wasiosoma."

Salwa alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili kisitikisike, na mzee akaanza tena kutoka sifuri.