Mkate Uliozungushwa Ngumini

Mama mkwe wangu Leokadia alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukafa, na mwanawe Seweryn akataka kumpeleka makao ya wazee. Ufunguo wa nyumba alikwisha kuutia mfukoni.

"Mtu asiyeweza kufunga vifungo vyake hawezi kukaa peke yake, Mama."

"Mimi sikuwa nauza vifungo, nilikuwa nauza mikate," akamjibu. "Njoo Jumapili. Nikiweka obwarzanki mezani kwa mkono wangu, unirudishie ufunguo. Nikishindwa, nafunga virago."

Mikate hiyo ya pete aliiuza kwenye kigari cha buluu hapa Krakow tangu mke wangu hajazaliwa. Inataka mikono miwili. Kamba mbili za unga husokotwa pamoja, huzungushwa, kisha ncha hubanwa chini ya kiganja. Ukizibana vibaya, pete hufunguka kwenye maji ya moto kabla haijaona oveni. Kwetu hiyo ni aibu.

Jumapili Seweryn alikaa jikoni na koti lake mwilini.

"Shemeji, usimsaidie."

"Nimsaidie nini? Mimi fundi bomba."

"Huyu hata chakula cha kuku simpi akikande," Leokadia akasema.

Ncha za upande mmoja za kamba alizibana chini ya pasi ya chuma, akasokota kwa mkono wa kushoto. Nikadhani kwenye kuifunga pete ndipo atakapokwama. Mkono mfu ulikuwa umejikunja ngumi, haukunjuki. Akauzungushia unga ule, akashika kifundo chake kwa mkono mzima na kuisukuma ngumi mezani, mbele na nyuma, mpaka ncha zikashikana. Kisha akaipeleka ngumi kwenye sufuria ya maji yanayochemka na kuusukuma mkate ukaangukia majini. Nimefanya kazi na mafundi wengi. Sijaona akili ya mikono kama ile.

Pete ya kwanza ilifunguka. Seweryn akanitazama.

Leokadia akaiopoa. "Huu ni wako," akamwambia, akaendelea.

Zilizofuata zilishika. Akazinyunyizia ufuta na chumvi, akazioka. Zilitoka zimeng'aa, misokoto yake yote inaonekana. Seweryn alivunja kipande, akatafuna, akavua koti.

"Mama, hii ni ile ile."

"Ulitaka iwe ya nani?"

Aliponyoosha mkono kuchukua cha pili, akaiona ngumi. Vidole viwili vilikuwa vimebabuka kwa maji na mvuke. Leokadia hakuwa amehisi chochote, na mimi muda wote nilikuwa naangalia mkate.

"Umeungua, Mama! Sasa nitakuachaje na jiko?"

"Tulipatana mkate. Ngozi hatukuitaja." Akautazama ule mkono kama wa mtu mwingine. "Kesho nitauvalisha glavu."

Seweryn akautoa ufunguo mfukoni na kuuweka mezani, karibu na mkono wa kushoto.

Kidole cha pete kilianza kuvimba, na hapa kwetu pete ya ndoa huvaliwa mkono wa kulia. Sabuni haikusaidia kuivua. Nikaenda kwenye gari kuchukua koleo la kukatia chuma.

"Usinihurumie," akasema. "Kata."

Ufunguo ule ulimgharimu vidole viwili vilivyobabuka, mkate mmoja uliofunguka, na pete aliyovishwa na marehemu mumewe, ambayo sasa iko vipande viwili ndani ya kisahani cha chumvi.