Maharimu wa Bi Nuzha

Tangazo lilisomwa sokoni Mursiya kwa lugha mbili, asije mtu akasema hakusikia. Mwislamu huru anayetaka kuhamia Gharnata, kwa sultani wa Kiislamu, aondoke kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Baada ya hapo lango lisingefunguliwa tena kwa watu wa namna hiyo.

Bi Nuzha hakuwa na la kufikiria. Mwanawe alikuwa amekufa katika uasi dhidi ya mfalme wa Kikristo, mumewe msuka mikeka akazikwa miezi mitano iliyopita, na nyumba yao ilikuwa imekwisha kupewa mgeni kutoka kaskazini ambaye kila asubuhi alikuja kuupima ukuta kwa hatua zake. Aliyebaki ni binti yake Izza, aliyetangulia Gharnata na mumewe, na sasa alikuwa na mimba ya miezi minane. Bi Nuzha alitaka jambo moja tu: kuwepo mtoto huyo atakapolia mara ya kwanza. Alikuwa ameshashona kanzu ya kichanga kwa kitambaa cha shela yake ya harusi.

Tatizo lilikuwa maharimu. Safari ilikuwa ya siku saba, na yeye hakuwa na mume, baba, kaka wala mwana wa kufuatana naye.

"Kwani sisi je?" akauliza jirani yake Bi Tarifa, huku akifunga masufuria kwa kamba. "Tuko wanawake kumi na mmoja. Shehe Ghalib mwenyewe kasema, dharura huhalalisha. Sasa wewe unataka kumzidi shehe?"

"Wewe una mume, Tarifa. Kwako ni rahisi kusema."

"Mume! Yule anayekoroma hadi punda wanagutuka? Mchukue, nakuazima. Ila ukimrudisha, mrudishe ameoga."

Bi Nuzha akacheka, mara ya kwanza tangu matanga. Lakini hakukubali. Alikuwa mwanamke mwenye kiburi, kile kiburi cha watu maskini ambacho hakina faida kwa mtu yeyote.

"Sitoki mji huu kama mtu ambaye hajawahi kuzaa," akasema. "Mwana ninaye."

Bi Tarifa akaiacha kamba. "Usiniambie Beltran. Shoga, yule ni Mnasara!"

"Kanyonya ziwa moja na Izza miaka miwili. Ni maharimu wangu, upende usipende."

Hapo alisema kweli. Miaka ishirini na miwili nyuma, jirani yao Lope, fundi Mkristo wa matandiko ya farasi, alifiwa na mkewe kitandani mwa uzazi. Sheria ya Wakristo ilikataza mtoto wa Kikristo kunyonyeshwa na Mwislamu, na mnyonyeshaji wa dini yake hakupatikana mtaa mzima. Akapita mlango wa uani na kichanga kimeviringishwa katika nguo ya kuwekea chini ya tandiko, kinanuka farasi, kimelia hadi sauti imekauka. Bi Nuzha alikuwa akimnyonyesha Izza. Hakuuliza kitu, alimhamishia Izza upande mmoja, akampokea mgeni upande wa pili. Wenyewe husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Hadi umri wa miaka saba Beltran alikula mkate na tini kwake na kumwita Mama. Kisha Lope akauziba ule mlango wa uani kwa matofali, na mtoto akafundishwa kusema "jirani".

Sasa Lope alikuwa kaburini, na Beltran alikuwa fundi mwenye duka, amechumbia binti wa mkuu wa chama cha mafundi matandiko. Bi Nuzha alimkuta akishona ngozi.

"Nisindikize hadi mpakani tu," akamwambia. "Mkwe wangu atanipokea. Shehe kakubali, ingawa kajikuna ndevu sana."

Beltran alimalizia mshono, akakata uzi. Alipoinua uso, macho yalikuwa mekundu. "Nitakuja, Mama," akasema, kwa sauti ya chini.

Neno hilo Bi Nuzha alirudi nalo nyumbani, akalilalia.

Siku ya kuondoka, msafara ulijipanga langoni tangu alfajiri. Beltran alifika kweli, akambebea mzigo begani. Wanawake wakatazamana. Bi Tarifa akanong'ona, "Haya, nimeyameza maneno yangu, na chumvi sikutia," na Bi Nuzha akatembea kichwa juu mbele ya mtaa mzima.

Karani aliketi mezani na daftari la kuwaandika wanaotoka. Kando yake, kwa bahati mbaya, alisimama mkuu wa chama, yule baba mkwe, akipokea matandiko ya askari.

"Beltran!" akaita karani. "Umesilimu, au ni jua?"

Watu wakacheka. Baba mkwe hakucheka. Aliutazama mzigo begani kwa Beltran, kisha akamtazama mwanamke.

"Huyu ni nani kwako?" akauliza.

Bi Nuzha alikuwa na jibu tayari, lakini hakuulizwa yeye. Alimtazama Beltran. Alimjua tangu mdogo, alijua akiogopa masikio hubadilika rangi, na sasa yalikuwa mekundu pyu.

"Ni mjakazi wangu," akasema Beltran.

Kalamu ya karani ikasimama. "Mjakazi? Basi hapiti. Ruhusa ni ya walio huru. Jina lake nani, nimwandike kwako?"

Beltran akautua mzigo. Kukana kungekuwa kukiri kwamba amemdanganya karani wa mfalme, halafu angeulizwa upya: ni nani kwako?

"Nuzha," akajibu.

Karani akaandika. Msafara ukaanza kusogea.

"Yeye si mtumwa!" Bi Tarifa akapiga kelele. "Mnamjua nyote! Nuzha, sema!"

Angeweza kusema. Angesema nimemnyonyesha, na sheria ingemshika kijana pale pale, mbele ya mkwewe. Bi Nuzha alimtazama mwanawe, akaona bado ni kile kichanga kilicholia hadi sauti ikakauka. Akaichomoa kanzu ndogo mzigoni, akamtupia Bi Tarifa.

"Mpe Izza," akasema. "Mwambie kaka yake alinisindikiza."

Lango likafungwa. Njiani kurudi kwake, Beltran alilia waziwazi. Aliapa kwamba kesho atakwenda kurekebisha, kesho bila shaka. Kesho baba mkwe alikuwa na karamu, keshokutwa karani hakuwepo. Sikukuu ya Mtakatifu Yohana ikapita na mioto yake barabarani, na ruhusa ikaisha nayo.

Ilipofika vuli, mfanyabiashara mmoja alileta habari kwamba Izza amejifungua mtoto wa kike, na amempa jina la Nuzha. Beltran akaingia jikoni mwake kumpasha Bi Nuzha. Mkewe alikuwa kanisani, na ndani hapakuwa na mtu mwingine.

"Mama," akasema.

Bi Nuzha alikuwa akichambua dengu. Akainuka, akajipangusa mikono na kuinamisha kichwa, kama wajakazi wa nyumba ile walivyofundishwa.

"Naam, bwana," akaitika.