Marehemu wa Chumba cha Kupimia

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kifaa cha mteja, Desibeli alipima kwanza chumba kitupu. Ndiyo desturi ya kazi ile: huwezi kujua kelele za mgeni kama hujui kelele za nyumba. Chumba chenyewe kilikuwa sanduku la chuma lisilo na dirisha, kuta na dari zimevikwa sponji nyeusi zilizochongoka, na mlango mzito una meno ya shaba pembeni ili mawimbi ya redio yasipate hata tundu la kupenya. Upande mmoja ilisimama antena, upande wa pili meza ya kuzunguka. Kwa miaka ishirini na mitatu Desibeli aliweka juu ya meza hiyo pasi, chaja, redio na friji, akapima kama zikiwashwa zinatoa mawimbi ya kuvuruga vifaa vya jirani. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu; kazini wote walimwita kwa kipimo cha kelele.

Jumatatu hiyo chumba kitupu kilizidi kawaida yake kwa desibeli moja. Akakagua nyaya, akafuta meno ya shaba kwa kitambaa, akapima tena. Ikawa ileile moja. Akafungua mlango, akamkuta mzee amekaa juu ya meza, amevaa gauni la hospitali lenye kamba mgongoni, miguu inaning'inia.

"Shikamoo," alisema Desibeli.

"Marahaba, mwanangu. Samahani, sikujua kama ni ofisi ya mtu."

"Ni ofisi. Umefariki lini, mzee?"

"Juzi jioni. Nimetafuta mahali patulivu mpaka nikachoka. Huko nje kila kitu kinapiga kelele, hata ukuta. Hapa ndipo nimepata kupumua." Mzee akafikiri kidogo. "Namna ya kusema tu."

Desibeli akamwomba ahamie pembeni, nyuma ya antena, na asiegemee sponji kwa sababu zinakatika. Mzee akatii. Kipimo kilibaki na desibeli moja ya ziada, basi akaenda kumwambia meneja.

Meneja alikuwa mtu wa miwani aliyekula na kulala na vitabu vya viwango. Alifungua kimoja, akapitisha kidole. "Kiwango kinaruhusu chumba kuwa na kelele kidogo, ilimradi iandikwe na ipunguzwe kwenye matokeo." Ijumaa fomu mpya zikatoka. Chini ya mstari wa joto na mstari wa unyevu paliongezwa mstari wa tatu: marehemu waliopo.

Mwisho wa mwezi walikuwa watano. Hawakuwa na matata. Likiletwa friji kubwa waliinua miguu lipite. Kilichomchosha Desibeli ni mazungumzo yao, kwa sababu watu watano waliokufa mbali mbali hawawezi kuwa na habari moja, na hawa walikuwa nayo. Wote walifia wodi namba nne. Wote walikuwa wanapewa dawa ya moyo kwa mashine ya dripu, tone kwa tone. Na wote walikwenda jioni.

"Zikiwashwa taa tu, ile mashine inashtuka," alisema mama mmoja aliyekuwa fundi cherehani. "Inasimama kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Wala hailii."

"Taa gani?" aliuliza Desibeli, na mama alipomtajia balbu nyeupe za wodini akaenda kutafuta faili.

Hati ya ubora ya balbu zile ilikuwa kabatini, na saini chini yake ilikuwa ya kwake. Aliikumbuka siku ile. Wakala wa kiwanda alikuja na sampuli ndani ya kisanduku, imezungushiwa pamba, ameipakata kama mtoto mchanga. Ilipita vizuri mno, mpaka Desibeli akamsifu. Hakujiuliza balbu ya kawaida inavikwa pamba ya nini. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali aliijua tangu shule ya msingi, na siku ilipomhitaji haikumjia.

Akanunua balbu ya aina ileile dukani, akaipasua kwa bisibisi. Mahali ambapo sampuli ilikuwa na kichujio, yaani koili ndogo ya shaba ya kuzuia mawimbi yasitoke, palikuwa na matundu mawili matupu. Akanunua nyingine, akaiwasha juu ya meza. Mstari kwenye skrini ukapanda ukavuka kikomo, na marehemu wote watano wakaziba masikio.

"Hii umeitoa wapi?" aliuliza meneja.

"Dukani, bosi."

"Basi si sampuli. Sampuli ni ile anayoileta mteja. Dada, tukianza kupima vya dukani, nani ataleta kazi hapa?" Hakusema kwa ubaya. Alivua miwani akayasugua macho, naye pia alikuwa amechoka. "Andika barua."

Aliandika. Kiwanda kikajibu kwamba barua imepokelewa. Hospitali ikajibu kwamba balbu za wodi namba nne zina hati halali, na kwa faida yake wakaambatisha nakala. Desibeli akaitazama saini yake ilivyopauka kwenye nakala.

Wiki iliyofuata kaka yake alianguka uani. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, na ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa. Alikula ugali mkavu miaka mitatu ili mdogo wake amalize chuo cha ufundi. Moyo, walisema. Mashine za dripu kwa wagonjwa wa moyo zilikuwa wodi moja tu, na Desibeli hakuhitaji kuambiwa ni namba ngapi. Hofu iliyomshika hakuwahi kuijua tangu msiba wa mama yao.

Akatoa nyumbani balbu zake nne za zamani, zile za mwanga wa manjano zisizo na kelele, akapanda juu ya stuli na kubadilisha zilizokuwa juu na jirani ya kitanda cha kaka. Jioni taa zikawashwa. Akakaa kuhesabu matone. Hayakusimama. Siku ya pili hayakusimama. Siku ya tatu alipofika alimkuta fundi umeme wa hospitali juu ya ngazi, balbu za manjano ziko kwenye ndoo.

"Hizi hazina stika ya ubora, mama. Kesho tuna ukaguzi."

"Hizo zenye stika ndizo zinazoua watu."

"Mimi hayo sijayasoma. Mimi naangalia stika. Sheria msumeno." Kisha, alipomwona ameishikilia ndoo, akashuka ngazi moja, akamwonyesha namba ya hati ubavuni mwa balbu. "Usiogope. Aliyezipima hizi ni mtaalamu."

Alibishana mpaka saa ya kutazama wagonjwa ikaisha na mlinzi akamshika mkono kwa heshima. Nesi aliahidi kuikodolea macho ile mashine. Alikuwa nesi mmoja kwa vitanda thelathini.

Asubuhi chumba kitupu kilizidi. Desibeli hakukagua waya. Alifungua mlango, na kaka yake alikuwa juu ya meza, anaizungusha polepole kwa kidole cha mguu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Usimlaumu yule nesi, alikuja mbio." Akatazama huku na huku. "Kumbe ndiko unakofanyia kazi. Pazuri."

Desibeli akalia. Alilia kwa sauti yake yote, na sponji zikaimeza, hata yeye mwenyewe hakuisikia. Mazishi yalikuwa Alhamisi. Kaka hakwenda, alisema ni mbali.

Mwezi uliofuata hati ya zile balbu ilikuwa inaisha muda, na wakala akaja na kisanduku chake cha pamba. Marehemu wakasogea. Kaka, aliyependa kuonekana ana shughuli, akashika waya usiburuzike. Balbu ikawaka, na mstari kwenye skrini ukalala chini kabisa ya kikomo.

"Hii haina kelele hata kidogo," alisema kaka.

"Najua."

"Si wangewapa hii hospitalini?"

"Ipo hiyo moja tu, kaka."

Akaacha nafasi ya saini wazi. Meneja akairudisha fomu. "Imepita au haijapita?"

"Imepita."

"Basi, dada."

Desibeli akaketi. Akajaza joto kwa wino, na unyevu, na matokeo, akatia saini yake kwa wino. Penye marehemu waliopo aliandika sita, kwa penseli, maana ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo, na wodi namba nne walikuwa bado hawajawasha taa.