Asida Iliyokwenda Mlango Siwo

Kitu cha kwanza Dalinda alichokiona ni shimo la kijiko. Asida ya Maulidi, uji mzito mtamu wa sikukuu, ilipambwa kwa lozi na pistachio kama zulia la sebuleni, na katikati, kwa vipipi vya rangi ya fedha, herufi mbili: yake na ya binamu yake Nizari. Pembeni, shimo.

Mama mkubwa Zohra, mama yake Nizari, alikuja na bakuli hilo la asida na bangili, zawadi ya sikukuu kwa mchumba. Dalinda hakuwahi kusema ndiyo. Ila hakuwahi kusema hapana pia, na kwa mama mkubwa msichana akinyamaza basi ameshaolewa, bado ngoma tu.

"Dereva kipofu yule!" mama mkubwa alifoka. "Kaishusha kwa akina Gargouri, ikabidi arudi kuichukua! Watu nisiowasalimu miaka, na bila haya wakachota!"

"Labda walidhani mmepatana, dada," alisema mama yake Dalinda.

"Nipatane na nani? Asida yangu haina kosa! Nimeikoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Kosa ni mlango. Kitu kizuri kikifikishwa kwa wasio wenyewe, kina faida gani?"

Dalinda akainama asicheke. Jana tu, hospitalini mjini Sfax, daktari alimwambia karibu maneno hayo hayo. Seli ya ini ina vyumba, na kila protini hutengenezwa ikiwa na anwani ya chumba chake. Protini moja ya Dalinda inatengenezwa, ila anwani yake ina kasoro: badala ya kufika chumba cha kusafishia, inabebwa hadi chumba cha kuzalisha nguvu, inakaa huko bure. Taka zinabaki, zinageuka mawe kwenye figo. Kasoro hiyo aliirithi kwa baba na kwa mama. Binamu apimwe kabla ya ndoa, daktari alisema.

Mama mkubwa alishaambiwa yote hayo na, bila shaka, alijua zaidi ya daktari.

"Mawe ni kula nyanya. Na jicho la husuda la akina Gargouri. Sisi damu yetu safi, tunaoana wenyewe kwa wenyewe tangu babu."

"Na kaka yetu Habibu? Si figo zilimuua?" mama aliuliza.

"Baridi ile."

"Na Munji, naye si figo?"

"Huzuni. Haya binti, lete mkono."

Bangili ilimeta. Dalinda aliuficha mkono nyuma. Alilitazama lile shimo, akaona kuwa hata asida imeshasema hapana kabla yake.

"Mama mkubwa, mwili wangu una asida kama hii," alisema polepole. "Imepikwa, imepelekwa mlango siwo. Nizari huenda anayo pia. Apimwe."

"Mwanangu apimwe? Kama ng'ombe wa mnada?"

"Apimwe, kwa ajili ya atakayemuoa. Mimi hata akitoka mzima kama yai, simtaki. Sijawahi kumtaka."