Tyubu Namba Saba

Binti yangu Eveline anaishi Ujerumani, na anaamini kila linalomsumbua baba yake lina dawa ya kununuliwa. Nilipomwambia nimeanza kuchora tena, akanitumia boksi la rangi za maji: tyubu kumi na mbili ndogo, toleo maalumu, zimetengenezwa mara moja tu na hazitarudiwa. Alitaka nizijaribu moja moja, nizichanganye, kisha nimtumie picha za matokeo. Sikumwambia kwamba nilikuwa na kazi moja tu ya kuzipa.

Nilifundisha kuchora shule za msingi za Mbeya miaka thelathini na moja, kwa rangi za unga tulizokoroga kwenye makopo ya maziwa. Tangu mke wangu Veneranda afariki, huu mwaka wa pili, nakaa peke yangu Uyole, na nyumba imekuwa kimya hadi friji ikinguruma nageuka kuangalia nani kaingia. Nimemchora uso, na uso umekubali. Kilichonishinda ni sweta. Alilifuma mwenyewe, akalivaa kila asubuhi ya baridi kwa miaka kumi, na mimi, mwalimu wa rangi, sikuweza kukumbuka rangi yake. Lilikuwa la bluu, lakini si bluu hasa. Kwenye picha za simu linaonekana jeusi tu. Niliogopa. Nilijua nikilipoteza sweta, itafuata sauti yake, kisha mengine yote.

Kosa ni langu. Siku ya kuanua matanga, ndugu zake walipotandaza nguo zake mkekani ili zigawanywe, waliniuliza kama kuna ninayotaka kubaki nayo. Wazee walikuwa wananitazama. Nikajitia uanaume, nikasema, "Gaweni zote." Sweta likaenda kwa mdogo wake, Tekla, anayeuza nyanya kando ya barabara kuu, Ilula.

Basi nikachanganya. Nilikata karatasi vipande, nikakorogea kwenye kisahani cha chai cha Veneranda. Bluu na kijani ikatoka rangi ya sare ya shule. Bluu na zambarau ikawa wino. Nikaongeza kijivu, ikafa kabisa. Lakini tyubu namba saba ndiyo iliyonikera kuliko zote. Ikiwa mbichi ni bluu tulivu, nzuri; ikianza kukauka inaachana, bluu inabaki juu na chembe za kahawia zinatua kwenye vishimo vya karatasi kama kutu. Rangi mbili zimefungiwa tyubu moja, halafu hazielewani! Nikaandika SIYO nyuma ya kipande hicho, nikampigia Eveline kumwambia kwamba ameuziwa rangi mbovu.

"Baba, ndivyo ilivyotengenezwa," akasema. "Watu wanaigombania kwa sababu hiyo."

"Waigombanie hukohuko."

Nilipofika kipande cha arobaini na tatu nilisalimu amri. Nikavifunga vyote kwa mpira, nikapanda basi la alfajiri. Igawa nilinunua mahindi ya kuchoma, sikuyala. Iringa tukaipita, na mchana nikashuka Ilula.

Tekla alikuwa katikati ya sado zake, vile vindoo vya kupimia nyanya, amelivaa. Nilifurahi, kisha nikavunjika moyo: jua la barabarani lilikuwa limelipausha, mabega yamekuwa karibu meupe.

"Shemeji! Jamani, miaka miwili hata simu hupigi?"

Nilimwambia kilichonileta bila kuzunguka. Nilitarajia acheke, hakucheka. Mikono yake ni mifupi kuliko ya dada yake, kwa hiyo alikuwa amekunja mikono ya sweta. Akakunjua mmoja. Ndani ya mkunjo jua halikuwahi kufika.

Akachukua vipande vyangu, akawa anavipitisha kimoja kimoja juu ya kile kisehemu kilichokuwa kimefichika. Kipande kimoja akakishikilia.

"Si hii hapa?"

Nilikigeuza. Nyuma kulikuwa na SIYO.

Nikavaa miwani, nikainama. Nyuzi zilikuwa mbili, moja ya bluu na moja ya kahawia, zimefumwa pamoja. Ile kahawia niliijua. Ilikuwa ya sweta langu la kuendea kazini, lililotoboka viwiko, lililopotea siku moja nikamnunia Veneranda wiki nzima nikidai kalitupa.

"Alilifumua," Tekla akasema. "Uzi wa bluu haukumtosha, na lile lako hukutaka kuliachia. Tulikaa hapahapa Ilula tunalifumua huku tunacheka."

"Mbona hakuniambia?"

"Hata mimi nilimuuliza. Akasema, mwache, siku atakayoniangalia vizuri ataona mwenyewe."

Miaka kumi, kila asubuhi, alikuwa ng'ambo ya meza yetu ya chai. Nililia pale, mbele ya abiria wanaonunua nyanya, na sikujali nani ananitazama. Tekla akaanza kulivua anipe. Nikamzuia, nikamwambia kuna baridi, abaki nalo.

Niliporudi Uyole nilipaka sweta lote kwa tyubu namba saba, bila kuichanganya na kitu. Kisha nikaweka brashi chini, nikaketi upande wangu wa meza, nikamwangalia hadi alipokauka.