Gitaa Lililopita Ukaguzi

Gitaa jipya la umeme lilifika kutoka Tunduma siku ya Jumatatu. Kufikia Jumatano bibi Restuta alikuwa haelewi tena kama ni masikio ya mume wake yanayozeeka, au ni dunia yenyewe iliyoharibika.

Mume wake, mzee Hezron, alikuwa amepigia gitaa kwaya yao pale Mbozi kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka lile gitaa la zamani likaungua ndani na kunyamaza kabisa. Kwaya ikachanga, ikanunua lingine, jekundu kama kahawa iliyoiva mtini. Mgongoni lilikuwa na kibandiko cha duara chenye alama ya vema. Yesaya, kijana anayefundisha kwaya, aliwasomea: limekaguliwa kiwandani, halina kasoro.

Basi kasoro ikawa ya nani? Maana Hezron akipiga kule karibu na kichwa cha gitaa, wimbo unakwenda vizuri tu. Akisogeza mkono shingoni kuelekea tumbo la gitaa, utamu wote unachacha kama togwa la juzi.

"Babu, nyuzi ziko sawa," alisema Yesaya jioni hiyo, amekaa sebuleni kwa wazee hao, mkononi ana simu yenye programu ya kupimia nyuzi. Aligusa uzi mmoja mmoja, na kila mara simu ikawaka kijani. "Simu haina upendeleo. Labda ni vidole, au..." Akajishika sikio, akaona haya kumalizia.

"Malizia tu," Hezron akasema. "Sema masikio."

"Jumapili ni tamasha, babu. Kwaya saba zinakuja. Nimeona kijana mwenzangu Clever apige, wewe upumzike."

Hezron alililaza gitaa kwenye kochi, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto wa watu.

"Huenda ni kweli, Mama Aliko," alimwambia mkewe. "Mimi nasikia linakosea, na mkono wangu uko palepale siku zote. Labda nasikia vitu ambavyo havipo."

Hapo ndipo Restuta alipochanganyikiwa zaidi. Mtu anayesikia kuku akichakura miche nyuma ya nyumba, awe kiziwi wa gitaa tu? Lakini kibandiko kipo. Na simu imewaka kijani, kaiona kwa macho yake. Yeye aliishia darasa la nne. Abishane na kiwanda kwa lipi?

Hakuwa mtu wa haraka. Alilitazama lile gitaa kama anavyotazama kahawa mkekani anapochambua, punje kwa punje.

"Baba Aliko, hizi nukta mbili shingoni ni za nini?"

"Mstari wa chuma unaofuata hizo nukta ndiyo nusu ya uzi. Ukibana hapo unapata sauti ileile ya uzi wenyewe, ila ya juu."

"Nusu kamili?"

"Nusu kamili. Ikizidi au kupungua, yote yanaharibika."

Nusu aliijua. Shamba lao lote la kahawa walilipima wawili kwa kamba: unaivuta toka shimo hadi shimo, unaikunja, katikati unachimba. Akafungua kamba nyembamba kwenye mdomo wa kiroba cha maharage.

"Bibi, unataka kulishonea gauni?" Yesaya akacheka.

"Ndiyo, nalipima. Shika hapo kichwani, nyuzi zinapoanzia."

Akaivuta kamba mpaka kwenye kile chuma kinachoshika nyuzi kule chini, akaikata hapo, akaikunja mara mbili, akaipima tena toka kichwani. Nusu ya kamba ikaupita ule mstari wa nukta kwa nusu kidole. Akarudia. Ikaupita tena.

"Kamba imevutika hiyo," alisema Yesaya, ila hakuwa anacheka tena.

Restuta akateremsha gitaa la zamani ukutani, akakata kamba nyingine, akafanya vilevile. Nusu ikaangukia juu ya mstari wa nukta, kama imetumwa.

Yesaya akapiga magoti, akapima mwenyewe yote mawili. "Chuma wamekifunga mbali," alisema polepole. "Simu nayo nimeisikilizisha nyuzi zisizobanwa tu. Babu, ulikuwa unasikia sawasawa. Nisamehe."

Hezron alikuwa anapitisha kidole kwenye zile nukta, mbele na nyuma.

"Kesho na basi la kwanza nalirudisha Tunduma," Yesaya akaendelea, akiviringisha kamba kuiweka mfukoni. "Nitalipima lingine palepale dukani. Jumapili unapiga wewe."

"Lakini mimi bado sielewi," alisema Restuta, akiligeuza gitaa. "Huyu aliyebandika hiki, alikagua nini?"

"Labda rangi, bibi."

"Na mimi nikimpelekea mnunuzi kahawa mbovu, nibandike vema?"

Hezron akainua kichwa, akageukia upande wa jikoni.

"Mama Aliko," alisema, "maharage yako yanafurika."

Restuta hakuwa amesikia kitu. Akakimbia, akakuta povu linamwagikia moto.