Wiki Zilizobaki za Punje

Saa nne asubuhi ya Jumanne, nesi mkuu wa wodi ya watoto njiti alifungua mashine ya joto ya pili akatoa mashuka manne yaliyokunjwa. Mashine hiyo ilitunza mashuka vizuri sana. Vumbi haliingii, na hata panya walikuwa wameikatia tamaa. Kazi yake ya asili, yaani kutunza watoto, iliiacha siku plagi yake ilipoungua. Ubavuni ilibandikwa karatasi yenye muhuri: ISITENGENEZWE MPAKA FUNDI WA IDARA AFIKE. Fundi wa idara alikuwa njiani. Alikuwa njiani kwa miezi kumi na tisa, kwa hiyo huenda alikuwa anakuja kwa miguu, tena akisimama kila nyumba kuomba maji.

Shuka moja lilikwenda kwa mshonaji wa sare za shule, aliyekuwa amejifungua asubuhi hiyo. Binti yake alikuja katika wiki ya ishirini na nane, wiki kumi na mbili kabla ya kutarajiwa, akiwa na gramu elfu moja na sitini. Mshonaji alimpima kwa macho, kama alivyozoea, akasema hata mfuko wa shati la darasa la kwanza ungempwaya. Mama mkwe wake alisema ukoo wao wote ni watu wa kuchelewa, harusini wanafika watu wakiosha vyombo, sasa huyu wa kuwahi kamrithi nani? Ndiye aliyemwita Punje.

Mashine ya kwanza, ile nzima, ilikuwa na watoto watatu wamepangwa kama viatu dukani. Hapakuwa na nafasi ya mguu wa nne. Kwa hiyo nesi alimlaza Punje kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa kitambaa.

"Kuanzia sasa mashine ni wewe," alimwambia. "Na plagi yako haijaungua."

Kisha akamwonyesha jinsi ya kumgusa wayo. Watoto wa umri ule husahau kupumua. Hawana nia mbaya, wanasahau tu, kama mtu anavyosahau funguo. Ukimgusa wayo, anakumbuka.

Baba yake Punje alikuwa fundi redio. Alasiri alifika na plagi mpya katika mfuko wa shati na bisibisi mkononi. Mlinzi wa wodi, mtu mpole asiyependa maneno, alimweleza kwamba chuma chenye ncha hakiingii, akaiweka bisibisi kwenye droo. Fundi aliingia na plagi peke yake. Alimwambia nesi kwamba kazi ile ni ya dakika kumi, na tano kati ya hizo ni za kupiga soga. Nesi alijibu kwamba yeye mwenyewe angemshikia tochi, ila mwenzake mmoja alibandua muhuri kama ule kwenye jokofu la dawa, na sasa anapanga mafaili ghorofa ya chini. Fundi akairudisha plagi mfukoni.

Wiki za watoto njiti huwafuata. Jambo hili kila mfanyakazi wa wodi ile alilijua, na wanawake wapya waliambiwa pamoja na habari za choo na saa za chai. Wiki ambayo mtoto hakuikaa tumboni huja yenyewe, siku yake ikifika, imebeba kifurushi. Wiki ina ukubwa wa mtu mzima aliyeketi. Nguo yake imelowa chini, na hunukia maji ya uvuguvugu. Ya thelathini na nne huleta kunyonya bila kupaliwa. Ya thelathini na sita huleta nyama ya mashavu. Ya ishirini na tisa huleta kichupa cha mafuta mepesi ya kulainisha mapafu, na ndiyo inayosubiriwa kuliko zote.

Wiki ya ishirini na tisa ya Punje ilifika Jumanne iliyofuata, saa saba mchana. Mlinzi aliiandika katika daftari la wageni. Penye uhusiano na mgonjwa alifikiri kidogo, akaandika: ndugu. Kisha akaieleza kwamba saa ya kuona wagonjwa ni saa kumi. Wiki iliketi kwenye benchi la barazani, ambako jua la mchana hupiga moja kwa moja. Saa kumi kamili mlinzi aliifungulia mlango, akaiomba radhi kwa kusubiri, akaisindikiza mpaka kitandani. Ilipofungua kifurushi, kichupa kilikuwa kimekauka.

"Nilikuwa hapo nje tu," wiki ilisema.

Mshonaji hakuigombeza. Aliikaribisha kiti. Ilikaa kwa adabu mpaka kengele, ikaondoka.

Tangu hapo Punje alizidi kusahau. Jumatano alisahau mara tisa. Kufika Alhamisi asubuhi mshonaji hakuhesabu tena. Kidole chake kilikaa kwenye wayo wa mtoto kama kwenye gurudumu la cherehani, na alijua kwamba kikichoka, basi. Nesi alisema ukweli, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzungushazungusha: bila yale mafuta, kifua kile kitafanya kazi siku moja, mbili kikijikaza.

Kitanda cha tatu alilala mwanamke muuza mkaa. Mwanawe alizaliwa Alhamisi iliyopita, wiki ya ishirini na nane kama Punje, gramu mia tisa na kumi. Naye hakupata nafasi kwenye mashine. Alifungwa kifuani kwa mama yake, na mama yake akajitahidi kuwa mashine siku tatu. Jumapili mtoto alisahau, na akiguswa hakukumbuka. Muuza mkaa aliendelea kulala pale kwa sababu karatasi yake ya kuruhusiwa ilikosa saini.

Wiki ya ishirini na tisa ya mwanawe ilikuja siku yake, Alhamisi, bila kuchelewa. Safari hii kulikuwa na mawingu. Muuza mkaa aliiona kupitia dirisha, imeketi barazani, mikono juu ya kifurushi. Alitoka akaketi kando yake. Wakawa kama wasafiri wawili ambao gari lao limeshaondoka.

"Uliyemfuata hayupo," muuza mkaa aliiambia. "Kuna msichana kitanda cha pili. Mpe yeye."

Mlinzi alitazama saa. Ilikuwa saa nane na robo. Muuza mkaa naye alimtazama mlinzi. Mlinzi akakumbuka kwamba alikuwa hajanywa chai, akaenda kunywa.

Mafuta yalimfaa Punje, ingawa yalikuwa yamepimwa kwa mtu mwingine na yalimbana kidogo upande wa kulia. Jioni alisahau mara mbili. Ijumaa hakusahau hata mara moja, na mshonaji alilala, kidole kikiwa bado kimenyooka.

Wiki zake nyingine zilikuja Jumanne baada ya Jumanne. Fundi redio alizisubiri getini na mwavuli. Zilipofika nane, Punje alikuwa na gramu elfu moja na mia tisa, wakaenda naye nyumbani, na nne za mwisho zikamfuata huko. Alitembea akiwa na miezi kumi na saba. Alivaa miwani akiwa na miaka mitatu. Baridi ikizidi, kifua chake hupiga mluzi. Anatumia mkono wa kushoto, jambo ambalo halimo katika ukoo wa baba wala wa mama, na hakuna aliyemkataza.

Wiki za mtoto wa muuza mkaa nazo ziliendelea kuja, kila Alhamisi. Hazikuwa na wa kumwona wala pa kurudi, kwa hiyo zilikaa. Zikaja za watoto wengine waliosahau moja kwa moja. Benchi lilipojaa, nesi aliandikia utawala barua, akieleza kisa chote tangu plagi. Utawala ulijibu upesi kuliko ilivyotarajiwa, ukaleta benchi la pili.

Punje ana miaka mitano sasa, na huletwa kupimwa kifua. Juzi alipita barazani na baba yake, akazisalimia wiki zote kwa zamu, akivipungia vifurushi mkono wa kushoto.

"Shikamooni."

"Marahaba," zilijibu.

Muuza mkaa alikuwa ameketi katikati yao, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi. Alimsogeza Punje karibu, akamfuta miwani kwa upindo wa nguo yake, akamrudishia. Baba yake alichungulia kupitia kioo cha wodi. Mashuka yalikuwa yamekunjwa vizuri ndani ya mashine ya pili. Aligusa mfuko wa shati, akakuta plagi ipo. Mlinzi alimwambia kwamba bisibisi nayo ipo, huipaka mafuta kila mwezi isishike kutu.

Benchi la saba lilikuwa limeletwa asubuhi hiyo. Rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo mlinzi aliziomba wiki zilizofika siku ile zisimame kidogo, nazo zikasimama.